Ukimya Si Tukio: Kuratibu Michakato Mirefu ya Biashara katika Programu Zinazoendeshwa na Matukio

Mchakato wa biashara huitwa mrefu si kwa wingi wa hatua zake, bali kwa sababu baina ya hatua moja na inayofuata hupita saa, siku au hata miezi, na katika muda huo kazi hutoka mikononi mwa ofisi moja na kuingia mikononi mwa nyingine. Katika programu inayoendeshwa na matukio, kila sehemu ya mfumo hutangaza jambo lililokwisha kutendeka, kwa mfano kwamba malipo yamepokelewa au mzigo umepimwa, na sehemu nyingine zinazohusika huipata taarifa hiyo na kutenda la kwao bila kuamriwa na yeyote. Tukio, kwa maana hiyo, ni habari ya jambo lililopita, ambalo huweza kusahihishwa na tukio jingine lakini halifutiki; amri ni ombi la jambo lijalo, nalo laweza kukataliwa. Tofauti hiyo huupa mfumo wepesi mkubwa, kwani sehemu mpya huongezwa bila kuzigusa za zamani, lakini huacha swali ambalo waandishi wengi wa programu hulikuta wakati mambo yameshaharibika: ikiwa kila mmoja anatangaza alichokitenda na hakuna anayeamuru, nani anajua mchakato mzima umefika wapi, na nani atakayegundua kwamba umekwama?

Swali hili lina historia. Katika hifadhidata moja, muamala ni kundi la mabadiliko ambayo ama yote hukamilika au yote hufutwa, na mwaka 1978 Jim Gray alieleza namna ya kuupanua utaratibu huo kwenye mashine kadhaa kwa makubaliano ya awamu mbili: kwanza kila mashine huulizwa kama iko tayari, kisha zote huambiwa zikamilishe au ziache. Njia hiyo hudai kwamba kila mhusika afunge kumbukumbu zake hadi jibu la mwisho lije, na kwa kazi ya sekunde chache dai hilo linavumilika. Kwa kazi ya wiki tatu haliwezekani, kwa sababu kumbukumbu zilizofungwa huwazuia watu wengine wote. Mwaka 1987 Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem wa Chuo Kikuu cha Princeton walipendekeza kwamba muamala mrefu ukatwe vipande, kila kipande kikamilike peke yake, na kila kimoja kiandaliwe hatua yake ya kutengua, yaani kitendo cha kufidia athari zake iwapo vipande vya mbele vitashindwa. Mpango huo waliuita saga, na hadi leo ndio msingi wa karibu kila mjadala kuhusu suala hili.

Kuhusu namna ya kuviunganisha vipande hivyo, mitindo iko miwili. Katika uratibu wa kuitikiana, kila sehemu husikiliza matukio ya wenzake na kuitikia kwa kanuni zake, na mchakato mzima haukuandikwa mahali popote isipokuwa kichwani mwa aliyeubuni. Katika uratibu wa msimamizi, kuna sehemu moja, ambayo Gregor Hohpe na Bobby Woolf katika kitabu chao cha mwaka 2003 waliielezea kama msimamizi wa mchakato, inayotunza hali ya kila mchakato mmoja mmoja, inayopokea matukio na kuamua amri ipi itolewe baadaye. Mabishano juu ya mitindo hii kwa kawaida huhusu utegemezi: msimamizi hulaumiwa kwa kuwafunga wote kwake, na kuitikiana husifiwa kwa kumwacha kila mtu huru. Lakini kipimo hicho hakitoshi, na udhaifu wake huonekana vizuri zaidi mbali na seva za maduka ya mtandaoni, katika mchakato mrefu kweli ambao watu wa Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaujua kwa miguu yao.

Mchakato huo ni ufuatiliaji wa madini ya kasiteriti na koltani kutoka machimbo ya mikono ya wilaya za Masisi na Walikale hadi kwenye viwanda vya kuyeyushia ng'ambo. Kasiteriti ndiyo mawe ya bati, na koltani hutoa tantali inayotumika katika vifaa vya elektroniki. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa la nchi hiyo zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani zake, na Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, marufuku iliyoondolewa Machi 2011. Desemba 2010, mjini Lusaka, marais wa Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, unaojulikana kwa kifupi kama ICGLR, waliidhinisha utaratibu wa vyeti vya kikanda. Mpango wa lebo uitwao ITSCI, ulioasisiwa na vyama vya viwanda vya bati na tantali, ulifika Masisi mwaka 2014.

Utaratibu wenyewe, kama ulivyokuwa hadi Goma ilipotekwa Januari 2025, ukitazamwa kwa jicho la mwandishi wa programu, ulikuwa mfululizo wa matukio. Mgodi hukaguliwa na kupewa rangi: kijani ukiruhusiwa, njano ukiwa na kasoro za kurekebishwa, nyekundu ukikatazwa. Kwenye mgodi wa kijani, wakala wa SAEMAPE, shirika la serikali linalowahudumia wachimbaji wadogo ambalo hadi mwaka 2017 liliitwa SAESSCAM, hupima gunia, hulifunga lebo ya plastiki yenye namba isiyojirudia, na kuandika daftarini namba hiyo, uzito, tarehe na jina la mgodi. Gunia hubebwa kichwani, kwa pikipiki au kwa gari, na kama linatoka upande wa Walikale kuelekea Goma kwa barabara ya Masisi hupita Kibua, Nyabiondo na Sake. Negosianti, yaani mfanyabiashara wa kati, hulinunua, huyaosha madini, huyachanganya na mengine, kisha wakala wa Idara ya Migodi hukata lebo za mgodi, huandika namba zake, na kufunga lebo mpya za negosianti. Kontuari ya Goma, ambayo ndiyo nyumba ya kuuza nje, hukusanya shehena, CEEC, ofisi ya serikali ya utaalamu na uthibitishaji, huchunguza ubora wake, cheti cha ICGLR hutolewa, mzigo huondoka.

Hakuna anayeamuru mfululizo huu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila wakala huitikia kilicho mbele yake: huona lebo, hupima, huandika, hufunga lebo nyingine. Huu ni uratibu wa kuitikiana uliokamilika, na nguvu zake si haba, kwani umewezesha kazi kuendelea mahali ambapo mtandao wa simu hukatika na ofisi kuu iko mbali. Tukio hunakiliwa kwenye karatasi, karatasi hushuka mjini, na mwishowe data huingizwa kwenye hifadhidata. Hapo ndipo matatizo ya kawaida ya mifumo ya matukio hujitokeza yote kwa pamoja, nayo yanastahili kutazamwa kwa karibu.

La kwanza ni mpangilio. Karatasi ya negosianti aliye karibu na mji huweza kufika kabla ya karatasi ya mgodi ulio porini, hivyo hifadhidata hupata habari za gunia kununuliwa kabla ya habari za gunia kuchimbwa. Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978 kwamba katika mfumo uliosambaa saa za ukutani hazitoshi kusema lipi lilitangulia lipi, na kwamba kinachoweza kutegemewa ni uhusiano wa sababu na matokeo. Kwa hiyo programu iliyoandikwa vizuri haiwezi kukataa tukio la ununuzi kwa sababu tu mwanzo wake haujaonekana. Hulipokea, huliweka katika hali ya kungoja, na hulikamilisha pale mwanzo unapofika. La pili ni urudufu. Mifumo mingi ya foleni za ujumbe huahidi kufikisha kila ujumbe angalau mara moja, ahadi ambayo maana yake halisi ni kwamba baadhi zitafika mara mbili, kama vile ukurasa mmoja wa daftari unavyoweza kuingizwa na makarani wawili. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba kulipokea jambo lilelile mara ya pili hakubadilishi kitu, na namba ya lebo ndiyo inayotoa uwezo huo. La tatu ni uandishi wa mahali pawili: wakala amepima na kuandika, lakini ujumbe wa simu haukutoka, au umetoka na daftari halikuandikwa. Waandishi wa programu hulitatua kwa sanduku la barua zitokazo, yaani jambo na ujumbe wake huandikwa pamoja katika kumbukumbu moja, kisha kazi nyingine huutuma ujumbe kila mtandao unapopatikana hadi upokelewe. Simu inayobeba programu ya namna hiyo yaweza kukaa siku nzima Kibua bila mtandao na isipoteze kitu.

La nne ni gumu zaidi. Ili matukio mengi yatambulike kuwa ya mchakato mmoja, lazima yawe na kitambulisho cha pamoja. Kwa agizo la dukani, namba ya agizo inatosha. Kwa madini, kitambulisho hukatwa njiani: magunia kadhaa ya mgodi huingia kwenye beseni moja la kuoshea, uchafu hutoka, uzito hupungua, na magunia mapya hutoka yakiwa mchanganyiko wa yote. Kiunganishi pekee baina ya pande hizo mbili ni mstari wa daftari la negosianti, unaosema namba zipi zimeingia na zipi zimetoka. Mstari huo ukiwa na kosa, au ukiwa na uongo, historia yote ya mbele yake hupotea, hata kama kila lebo ni halali. Ripoti ya shirika la Global Witness iliyotolewa mwaka 2022 ilidai kwamba madini mengi kutoka machimbo yasiyoruhusiwa yaliingizwa kwenye mnyororo wa ITSCI kwa kufungwa lebo halali. Waendeshaji wa mpango huo waliyapinga madai hayo. Vyovyote iwavyo, ni lazima isemwe wazi kwamba hakuna mtindo wa uratibu unaoweza kuligeuza tukio la uongo kuwa la kweli. Kinachowezekana ni kulitilia shaka, na kutilia shaka huhitaji mtu au programu inayoona zaidi ya hatua moja: mgodi unaotangaza magunia mengi kuliko uwezo wa mashimo yake hauonekani na wakala anayefunga lebo moja, wala na kontuari inayohesabu lebo zilizofika. Huonekana tu na yule anayejumlisha.

Hapo ndipo kiini cha suala hili kilipo. Mfumo wa kuitikiana husikia kinachotokea na haukusudiwi kusikia kisichotokea. Gunia lililofungwa lebo na lisilofika kwa negosianti halitangazi lolote. Huenda mvua imekata barabara; huenda limezuiliwa kwenye moja ya vizuizi vya barabarani, ambavyo taasisi ya IPIS na washirika wake walihesabu 798 katika Kivu mbili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017; huenda limeuzwa kwa njia nyingine na kuvuka mpaka; huenda mapigano yameanza. Katika hali zote hizo hifadhidata inaonyesha kitu kilekile, yaani tukio la mwisho lililoandikwa, na kila sehemu ya mfumo, ikiulizwa, itajibu kwa haki kwamba haina kazi inayoisubiri. Lawama ya kwamba msimamizi huwafunga wengine kwake hukosa uzito mbele ya jambo hili. Thamani yake kuu ni kwamba anajua nini kilipaswa kufuata na kwa muda gani, hivyo anaweza kuugeuza ukimya kuwa tukio: muda ukiisha bila habari, yeye mwenyewe hutangaza kwamba hatua iliyotarajiwa haikufika. Ofisi yenye karani mzoefu ina msimamizi wa namna hiyo bila kumwita hivyo, ndiyo maana karani huyo akistaafu ofisi hushangaa mafaili yamelala.

Haimaanishi kwamba msimamizi aamuru kila kitu. Mpangilio unaoelekea kufaa zaidi ni ule unaowaacha mawakala waendelee kuitikiana, kwa sababu hawawezi kungoja ruhusa kutoka mji ambao hawana mawasiliano nao, huku msimamizi akisikiliza matukio yaleyale, akitunza hali ya kila gunia na kila shehena, na akitoa amri pale tu panapohitaji uamuzi unaovuka hatua moja. Zana za kisasa zimeirahisisha kazi hiyo. Lugha ya michoro ya BPMN humwezesha mtu asiye mwandishi wa programu kuusoma mchakato na saa zake, na mifumo kama Cadence, uliotolewa na Uber mwaka 2017, na Temporal uliotokana nao, humwezesha mwandishi kuandika mchakato wa miezi kama programu ya kawaida ambayo huendelea ilipoishia hata seva ikizimwa. Zana hizo hutunza saa na hali. Haziamui saa iwe ndefu kiasi gani.

Baada ya ukimya, swali linalofuata ni kutengua. Mtumiaji wa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007, akituma fedha kwa namba isiyo sahihi anaweza kuomba muamala urudishwe, na hilo huwezekana ikiwa mpokeaji hajazitoa; akishazitoa, kinachobaki ni kumtafuta mtu. Mfano huo mdogo unaonyesha kwamba kila mchakato una hatua ambayo baada yake hakuna kurudi nyuma, bali kusonga mbele tu. Garcia-Molina na Salem walizitambua njia zote mbili, kurudi nyuma na kusonga mbele, lakini wengi waliowafuata walikumbuka ya kwanza peke yake. Katika madini, hatua isiyorudi hudhaniwa kuwa ni tanuri la kuyeyushia, na miongozo ya kimataifa, ukiwamo ule wa OECD, kwa sababu nzuri huweka ukaguzi mkubwa hapo, kwa kuwa baada ya tanuri asili ya bati haitambuliki. Uchambuzi makini wa mchakato unaonyesha kwamba hatua hiyo iko mapema zaidi, kwenye beseni la negosianti. Gunia la mgodi likikataliwa kabla ya kuchanganywa, hasara ni ya gunia moja na mwenyewe anajulikana. Likigunduliwa Goma, linachafua shehena nzima, wachimbaji wameshatumia malipo yao, na hakuna hatua ya kutengua itakayomrudishia kila mtu chake. Kanuni inayotokana na hapo ni kwamba ukaguzi wote unaoweza kufanywa ufanywe kabla ya hatua isiyorudi, na baada yake mfumo uandaliwe njia za kusonga mbele: kuitenga shehena, kuichunguza, kupunguza bei, kutaifisha.

Mchakato mrefu hukutwa pia na mabadiliko ya kanuni ukiwa katikati. Aprili 2024 kundi la waasi la M23 liliuteka mji wa Rubaya, kitovu cha koltani ya Masisi, na Februari 2025 serikali ya Kongo ilitangaza migodi ya eneo hilo kuwa nyekundu. Gunia lililofungwa lebo mgodi ukiwa kijani na kufika kwenye ukaguzi mgodi ukiwa mwekundu lihukumiwe kwa kanuni ipi? Programu zilizoandikwa kwa haraka hazina jibu: ama hutumia kanuni ya siku ya ukaguzi kwa kila kitu, ama hubeba kanuni ya siku ya kuanza hadi mwisho. Njia zote mbili zina makosa zikitumiwa bila kuchagua. Ada na viwango vya kodi yafaa vifuate siku ya kuanza, kwa kuwa mfanyabiashara alipanga biashara yake kwa hesabu hizo. Masuala ya usalama na ya fedha kufika mikononi mwa wenye silaha yafaa yapimwe upya katika kila hatua, kwa kuzingatia tarehe ambayo gunia lilitoka mgodini, si tarehe ambayo karatasi ilifika. Hii ina maana kwamba kila mchakato ubebe toleo la kanuni ulizoanza nazo, na kwamba tarehe ya jambo kutendeka iandikwe kando na tarehe ya habari kupokelewa.

Swali la mahali pa kumweka msimamizi nalo halina jibu rahisi. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na ofisi za serikali zilizokuwa zikitoa nyaraka za kuuza nje hazikuweza tena kufanya kazi chini ya Kinshasa. Machi mwaka huohuo walifika hadi Walikale mjini, na mgodi wa viwanda wa Bisie ulisimamishwa kisha ukarejea kazini Aprili. Mgodi huo wa kampuni moja, wenye msimamizi mmoja, uliweza kusimama na kuendelea. Mnyororo wa magunia ya mikono uliachwa na michakato yatima: lebo zilizofungwa, karatasi zilizoandikwa, na hakuna wa kuzifunga hesabu. Wanaopinga usimamizi wa kati wana hoja yenye nguvu hapa, kwa kuwa kilichowekwa mahali pamoja huanguka pamoja. Hata hivyo hali ya mchakato inaweza kunakiliwa mahali kadhaa bila uamuzi kugawanywa, na matukio yakihifadhiwa kwa mpangilio wake, msimamizi mpya anaweza kuyasoma upya tangu mwanzo na kuijenga hali ileile. Kisichoweza kunakiliwa ni mamlaka, na programu haipaswi kujifanya kwamba inaweza.

Linabaki suala la urefu wa saa, ambalo mafundi huliona dogo na ndilo linaloamua kama msimamizi atasikilizwa. Muda wa kungoja gunia baina ya mgodi na negosianti hauwezi kuwa mmoja kwa wilaya nzima wala kwa mwaka mzima, kwa kuwa barabara ya Kibua wakati wa mvua ni barabara nyingine. Muda ukiwa mfupi, kengele hulia kila siku na makarani hujifunza kuzipuuza. Ukiwa mrefu, madini huwa yameshavuka mpaka kabla ya swali kuulizwa. Njia ya kati ni kuzikokotoa nyakati kutokana na safari zilizokwisha kuandikwa, kipande kwa kipande na msimu kwa msimu, kisha kuzipanga kwa ngazi: kwanza msimamizi humuuliza wakala wa mgodi kama gunia liliondoka, baadaye humjulisha mkaguzi, na mwisho huifungia namba ya lebo. Lebo iliyofungiwa kwa njia hiyo ikijitokeza Goma, mfumo haulikatai gunia papo hapo wala haulipitishi. Hulielekeza kwa mtu mwenye mamlaka ya kuuliza lilikuwa wapi, na jibu lake huandikwa kama tukio jingine katika mchakato uleule.